Pengo Kati ya Sauti Mbili

Katika kwaya yetu ya Manyoni, gitaa la solo ndilo lililotoa amri. Likikatika ghafla, mstari wa mbele uligeuka kulia. Hakuna aliyetufundisha kanuni hiyo. Tuliikuta, na hata mgeni aliishika kabla hajajua maneno ya wimbo.

Mpiga solo nilikuwa mimi. Soko la nchi lilikuwa limefunguliwa kwa bidhaa za nje, na vitu ambavyo wazazi wetu hawakuviota vilikuwa vikiteremshwa stesheni. Ndivyo nilivyopata mashine ya gitaa ya kidijitali, ya kukanyaga kwa mguu, ya mtumba, yenye sauti za amplifaya nyingi ndani yake. Kitufe kimoja kilitoa sauti laini ya kusindikiza waimbaji. Kingine, sauti kali ya solo. Mazoezini ndipo nilipoona kasoro yake: ikihama kutoka sauti moja kwenda nyingine, ilinyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate.

Nilikanyaga, gitaa likanyamaza, nusu ya mstari wa mbele ikageuka, nusu ikabaki. Mama muuza maandazi, aliyeongoza sauti ya kwanza, akakanyagwa kidole.

"Kaka, gitaa lako limepanda treni?" aliniuliza huku akivua kiatu. "Tulingoje, au linashukia Itigi?"

Wote walicheka isipokuwa mwalimu wa kwaya.

"Pasaka tuna wageni kutoka Singida mjini," alisema. "Kinanda kimeshapatikana. Hiyo mashine ikiendelea hivi, solo itapigwa na kinanda."

"Mwalimu, nipe muda niirekebishe."

"Mpaka Jumamosi."

Niliwajua waliopokonywa nafasi na kinanda. Mmoja wao, mpiga gitaa hodari, sasa alikuwa akibeba spika za wenzake. Mimi kibarua cha reli kilikuwa kimeisha walipopunguza watu, na mtama shambani ulikuwa umekauka ukiwa umefika magotini tu. Kwaya ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo mtu aliniuliza nitafika saa ngapi.

Nilijaribu kukanyaga mapema. Pengo likameza mwisho wa ubeti. Nikachelewa, likameza noti ya kwanza ya solo. Nikajificha nyuma ya kishindo cha ngoma, bado nikalisikia. Ijumaa mchana, nikiwa peke yangu kanisani, niliacha kukanyaga kabisa, kwa kukata tamaa. Nilibaki kwenye sauti kali, nikapunguza sauti kwa kidole kidogo kwenye kitufe cha kuzungusha kilicho kwenye gitaa lenyewe. Ukali ulinywea. Nikakizungusha tena, ukarudi wote, bila pengo.

Jumamosi tuliimba. Ubeti ulipoisha nilizungusha kitufe, solo ikaingia, na mstari wa mbele haukuyumba. Mahali pa kugeuka nilizima nyuzi kwa kiganja, wakageuka wote.

"Tena," alisema mwalimu.

Tukarudia. Jasho lilinitoka hadi kidole kikawa kinateleza.

"Hiyo sauti yako ya kusindikiza ina mafua," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nikiisafisha kwa kukanyaga mashine, gitaa litanyamaza tena."

Alimtazama mpiga kinanda, kijana nadhifu aliyekuwa ameketi akisubiri, kisha akanitazama mimi.

"Wimbo huu piga wewe. Mingine yote itakuwa ya kinanda."

Nikamwambia ahsante. Niliketi nyuma, gitaa mapajani, nikasikiliza mazoezi ya nyimbo zilizobaki.