Jumapili ya Msamaha ya Glafira

Katika jumba la kaka yake mfalme, nje kidogo ya Petersburg, hakuna aliyenyoosha lesi kama Glafira Savvishna. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na wenzake wa chumba cha pasi walimwogopa kidogo. Majira hayo ya baridi mazungumzo yote mle ndani yalikuwa ya posa: Binti Zinaida, mtoto pekee wa jumba lile, ataolewa na nani?

"Mdenmark," alisema Pelageya, fundi wa kutia nguo wanga. "Kijana mpole."

"Mpole nini!" mwenzake akadakia. "Ana pua kama mdomo wa birika. Watoto watazaliwa wakimwaga chai."

"Basi yule Mromania."

"Anaamka adhuhuri. Nchi itatawaliwa na nani, mto wake?"

Wakacheka mpaka pasi zikapoa. Ndipo mlango ukafunguliwa na mtumishi wa mezani akaleta habari mbichi: mshindi ni Albrecht, mrithi wa kiti cha Waldenrode huko Ujerumani. Anakuja wiki ya siagi, kabla ya Kwaresima, na uchumba utatangazwa.

Glafira aliweka pasi chini. Pelageya, aliyetoka naye kijiji kimoja, akamwona alivyopauka.

"Glasha, ndiye yule?"

"Ndiye."

Miaka ya nyuma, Glafira akiwa bado kijijini kwao kando ya mto Volkhov, Albrecht alikuja kuwinda na maofisa wenzake. Mume wake Glafira, Nikifor, ndiye aliyewaendesha kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, lenye farasi watatu. Barafu ya mto ilikuwa imeanza kulainika. Jioni ile Nikifor na farasi wake walizama, na Albrecht, aliyekuwa salama salimini ukingoni, akawaambia watu kwamba mwendeshaji alikuwa amelewa chakari. Maofisa wakaitikia kwa kichwa. Nani angembishia mwana wa mfalme? Nikifor akazikwa nje ya ua wa makaburi, wanakotupwa walevi na waliojinyonga, bila msalaba.

Na Nikifor hakuwahi kuonja pombe. Baba yake alikufa kwa pombe, naye akaapa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Nikola angali mvulana, akakishika kiapo hata siku ya harusi yake, alipokunywa maji ya beri huku wageni wakimzomea. Glafira alilisema hilo kwa kasisi, kwa mkuu wa kijiji, kwa kila mwenye masikio. Walimwonea huruma, kama mtu anavyomwonea huruma mwendawazimu. Akafunga mdomo, akahamia mjini, na kinyongo akakilea kama mtoto wa kumzaa.

Sasa shela ya bibi harusi ililetwa kwenye meza yake.

"Usije ukaiunguza," Pelageya alimnong'oneza kwa hofu. "Nakujua wewe."

"Shela imenikosea nini? Nataka aungue yeye."

Albrecht alifika, mnene kuliko zamani, masharubu yamepakwa mafuta. Alikula blini, chapati nyembamba za siagi, kwa mikono miwili, akacheza, akabusu mikono ya wazee. Wiki ikaisha, ikaingia Jumapili ya Msamaha, siku ambayo katika kila nyumba ya Kirusi wakubwa huwainamia wadogo na kuwaomba radhi. Watumishi walipangwa ukumbini. Binti Zinaida alipita akimwinamia kila mmoja, nao wakamjibu, "Mungu atasamehe, nami nakusamehe." Albrecht akaona ni mchezo mzuri wa kuwafurahisha wakwe. Akamfuata mchumba wake nyuma, akiinama na kutabasamu.

Akafika kwa Glafira.

"Nisamehe, mama, kama nimekukosea."

Glafira akamtazama usoni bila kuinama.

"Nisamehe, mama," akarudia kwa sauti kubwa, akidhani ni kiziwi.

"Kwa lipi, bwana?"

Watu wakacheka kidogo. "Kwa yote!" alisema Albrecht.

"Yote ni mengi. Taja moja. Mimi ni mjane wa Nikifor, mwendesha sleji wa Volkhov."

Tabasamu likamganda usoni. "Yule mlevi?"

Msimamizi wa jumba alipiga hatua, lakini Zinaida aliinua mkono. "Mwacheni aseme."

Glafira alimgeukia tena Albrecht. "Ulipomwamuru aingie mtoni, alikujibuje?"

"Alinibishia!" Damu ilimpanda Albrecht usoni. "Tumewekeana dau kwamba sleji itavuka, wenzangu wote wanatazama, na mkulima ananipigia magoti, analia barafu, barafu, kama kikongwe! Ilibidi nimwonyeshe mjeledi ndipo..."

Akakatisha. Alikuwa amechelewa.

Zinaida alimtazama mchumba wake kama anayetazama kitu alichokuta ndani ya kiatu.

"Mlevi haogopi barafu, Albrecht," alisema.

Albrecht akageuka kwa Glafira, na safari hii macho yake yalikuwa yakiomba kweli. "Nisamehe."

"Mungu akitaka atakusamehe. Mimi sikusamehe. Si leo, wala siku ya kufa."

Tangazo la uchumba halikusomwa. Magazeti yaliandika kwamba Binti Zinaida ana kifua. Msimamizi alimfukuza Glafira kabla ya chakula cha mchana, naye akafunga kifurushi chake akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo Pelageya hakuwahi kulisikia. Theluji ilipoyeyuka, kwa amri ya Zinaida, Nikifor alihamishiwa ndani ya ua wa makaburi, na kasisi yule yule aliyemkataa akamsomea sala zote, jasho likimtoka. Glafira alisimama mbele kabisa, akimkazia macho asiruke hata neno.

Zinaida aliolewa na Mdenmark wa pua, wakaishi kimya kwenye nyumba ya pwani. Albrecht alirithi kiti chake, akaoa binti wa tajiri wa sukari, na miaka mingine ikapita ndipo ikasikika kwamba mkewe amemkimbia. Siku hiyo Glafira alioka pai ya samaki, akawagawia majirani bila kusema sababu.

Pelageya, aliyekuja kumtembelea, alitafuna kipande chake akiwaza. "Ungenyamaza, Zinaida wetu angekuwa malkia leo. Na wewe ungekuwa kwenye joto la ikulu, si kwenye kibanda hiki kinachovuja."

"Angekuwa malkia wa nani? Wa yule?"

"Kasisi anasema chuki itakula roho yako, Glasha."

"Ina meno mazuri," alijibu Glafira, akimkatia kipande kingine. "Kula, pai inapoa."