Choo cha Nyuma ya Duka la Mablanketi

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, na amri yake ilikuwa na sababu. Choo cha uani kilikuwa cha ndoo. Watu wa manispaa walikuja kuimwaga kwa siku zao, na ikijaa mapema, harufu ilipenya kwenye vitambaa mpaka barabarani. Tulikuwa karibu na soko la Nakuru, na siku ya soko watu walishuka kwa malori kutoka Subukia na Kabazi. Kama kila mmoja angeruhusiwa, ndoo ingejaa kabla ya saa nne asubuhi. Basi choo kikawa cha wafanyakazi tu, na mlinzi wake nikawa mimi, karani wa kaunta. Nilikuwa nimesoma sekondari, jambo lililomfanya kijana wa miaka ile ya hamsini asiiname hata kuokota alichoangusha.

Asubuhi moja aliingia mama mzee, na nyuma yake mwanamume aliyebeba mzigo wake. Mwanamume alibaki mlangoni, uso ameuelekeza pembeni. Nilijua mara moja kuwa ni mkwe wake. Kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kiasi cha kuogopana. Hawali wakitazamana. Mambo ya mwili hayatajwi mmoja wao akiwapo. Hata akiugua tumbo, habari hupitia kwa mtu mwingine.

Mama akainama karibu na kaunta, akanong'ona, "Mwanangu, nyuma hapo kuna mahali?"

Nikamjibu kwa sauti ya kuita wateja: "Mama, choo hapa si ya watu wa nje! Enda ile ya sokoni!"

Cherehani ya fundi wa barazani ikanyamaza.

Watu wakibishana siku hizi kama mwenye biashara ana haki ya kufunga choo chake, mimi husema anayo. Ndoo ilikuwa moja. Lakini hata kukataa ningeweza kukataa kwa mnong'ono kama ule aliotumia kuniomba. Na ningeweza pia kufungua.

Mama akajinyoosha. "Nimekuuliza blanketi," akasema. "Masikio yako iko na pamba?"

Alisema hivyo akiwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, na niliona kwamba sokoni hafiki. Yakimtokea barabarani mbele ya mkwe wake, nyumba ya binti yake hataikanyaga tena.

Ndipo yule mwanamume akautua mzigo. Akaja moja kwa moja mpaka kaunta, akasimama kati yangu na mama, mgongo wake mpana amemgeuzia mama.

"Karani, nionyeshe blanketi."

"Gani?"

"Zote."

Nikaanza kuziteremsha.

"Hii ni ya mtu ama ya ng'ombe? Leta ingine. Hii je, ikinyeshewa itabaki na rangi? Ingine!"

"Mpe ile ya mistari," fundi akadakia kutoka barazani. "Huyo anakaa penye baridi, na bibi hamtoshi!"

Wateja wakacheka, na chini ya kicheko kile pazia la nyuma likafunguka. Akatokea mama mzazi wa mwenye duka, mjane wa Kihindi aliyevaa nyeupe, ambaye kwa kawaida hakuonekana dukani. Akamshika yule mama mkono.

"Kuja, mama. Kuja ndani."

Nyuma ya pazia lile palikuwa nyumbani kwao: jiko lao, miungu yao, maji yao ambayo mtu wa nje hakuyagusa. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kulivuka. Chai yangu niliinywea uani, kwa kikombe changu peke yangu. Wale wazee wawili walipita kana kwamba wamezaliwa nyumba moja.

Mwanamume hakugeuza kichwa. Maji yaliposikika yakimwagwa huko ndani, alipaza sauti zaidi, akitaka kujua kama sufu hii inatoa manyoya. Jasho lilimtiririka shingoni. Nilisimama na blanketi mikononi, nikiwa na hofu ile inayomshika mtu aliyeingia kanisani akakuta watu wamepiga magoti. Hakuna darasa lililowahi kunionyesha ukubwa wa moyo kama huo.

Mama akarudi, mikono imelowa, inanukia sabuni.

"Twende. Blanketi za hapa si nzuri."

"Ndiyo, mama," mkwe akasema, macho yake chini. "Hata mimi nimeona ni nyepesi."

Akajitwika mzigo. Mama akatangulia, yeye akamwacha aende mbele kidogo, kama heshima inavyotaka, kisha akamfuata.

Mablanketi yalikuwa yamenifika kifuani. Yule mjane alikuwa bado amesimama penye pazia, akinitazama, nami nikangoja anikaripie. Badala yake alikuja akashika ncha mbili za blanketi la juu, akanisubiri nishike zile nyingine, tukaanza kukunja.