Marafiki wa Kwenye Waya

Rumiyati alikuwa na majina mawili. Kwenye kitambulisho alikuwa Rumiyati, mke wa Giyanto na mtengeneza tempe wa kitongoji cha Sirangkang, ubavuni mwa mlima Sumbing. Kwenye waya alikuwa Kenanga. Hilo la pili ndilo alilolipenda, kwa sababu Kenanga alikuwa na marafiki na Rumiyati hakuwa nao.

Waya aliuleta Pak Jumeri, fundi redio wa kitongoji cha juu. Aliunda visanduku vya mbao, kila kimoja na spika yake na kitufe chake, akavitia betri za pikipiki, kisha akavuta waya juu ya nguzo za mianzi kutoka nyumba hadi nyumba, ukakatiza mashamba ya tumbaku na kushuka mpaka kwenye kijito. Ukibonyeza kitufe, unasema. Ukikiachia, unasikia. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani, na ukisema umesema kwa kila mtu, hata yule ambaye humpendi. Simu ya kweli ilikuwa mjini Parakan, kwenye kibanda cha kulipia, nayo ilikuwa ya watu wenye shida. Waya ulikuwa wa watu wenye maneno.

Kila jioni baada ya sala ya Isha waya uliamka. Watu wazima na akili zao, wenye wajukuu, walijiita Chui Mweusi na Radi ya Masika, wakaulizana kama wameshakula. Rumiyati alijichagulia jina la ua. Tempe, yaani vipande vya soya iliyochachushwa, ni kazi ya kukaa nyumbani: kuloweka soya, kuchemsha, kumenya maganda, kutia hamira, kufunga kwenye majani ya migomba mpaka mgongo ukatae. Mumewe alikuwa Johor, Malaysia, kwenye mashamba ya michikichi, mtoto hawakujaliwa, na aliyepeleka tempe sokoni alikuwa mchuuzi aliyepita alfajiri na baiskeli bila hata kuvua kofia. Siku nzima mwanamke huyu hakuongea na mtu. Jioni alikuwa Kenanga, na waya mzima ulimsubiri aanze.

Alikuwa na ulimi mtamu, hilo hata waliomchukia walikiri. Alijua kumwigiza mkuu wa kitongoji akihutubia juu ya choo kipya. Alimchokoza Chui Mweusi mpaka mke wa Chui akaingia hewani kumtetea. Rafiki yake mkubwa alikuwa Bu Tarwi, anayejiita Kutilang, ambaye sauti yake ilikuwa ya wimbo kama ya ndege aliyejipa jina lake. Hao wawili waliweza kupiga soga mpaka betri zikaanza kukoroma. La ajabu ni kwamba ana kwa ana hawakuwezana. Walikutana mara chache njiani, wakaulizana bei ya pilipili, wakatazamana viatu, wakaagana kama watu wenye deni. Usiku uleule kwenye waya Bu Tarwi alimwambia siri zote za nyumba yake, na wengine wote wakazisikia pia, ila hiyo haikuwa hoja. Kwenye waya hakuna anayeyaona macho yako, wala kanga uliyorudia kuvaa. Rumiyati aliamini kwamba sauti ndiyo mtu mwenyewe. Alikuwa mjinga katika hilo, na ujinga ule ulimpa miaka mitatu ya raha.

Na watu wa waya walipenda habari za Giyanto. Kila mwezi palikuwa na mtu aliyerudi kutoka Malaysia, naye Rumiyati alisimulia salamu alizoletewa: Mas, ndivyo alivyomwita mumewe kwa heshima, amepandishwa cheo, Mas amenunua redio ya kaseti, Mas anauliza kama paa linavuja. Mwanzoni yalikuwa kweli. Baadaye salamu zikawa chache, kisha zikakatika, na Rumiyati akaendelea kusimulia. Angefanyaje? Kila jioni waliuliza. Ukiwa na mume anayekukumbuka, kwenye waya una la kusema.

Jioni moja ya mwezi wa Rajabu alikuja Kang Sarno, yaani Kaka Sarno, mkubwa wake Giyanto, anayekaa ng'ambo ya kijito, waya usikofika. Rumiyati alikuwa akifunga tempe na kupiga soga. Kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, alikuwa amekibana kitufe kwa mpira wa kufungia pilipili, kama alivyozoea pale hadithi yake inapokuwa ndefu. Sarno aliingia, akakaa kwenye kigoda bila kungoja chai, akasema alichotumwa. Giyanto ameoa Johor. Rumiyati ameachwa, talaka imeshatamkwa mbele ya mashahidi, karatasi zitafuata.

Rumiyati alilia. Alimshika Sarno miguu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, akamwomba amwandikie mdogo wake, amwambie kwamba yuko radhi kuwa wa pili, yuko radhi kukaa bila kupewa chochote, mradi asiitwe mwachwa. Sarno hakuwa mtu mbaya. Alimwinua, akamwambia akae tu kwenye nyumba ile mpaka baada ya sikukuu.

"Jambo hili liko kwangu na kwako," alisema. "Hata mke wangu sijamwambia, na sitamwambia. Unajua mdomo wake."

Akaondoka. Hapo ndipo Rumiyati alipogeuka, akauona mpira umebana kitufe.

Aliung'oa. Kwenye spika hapakuwa na kitu, na saa ile kwa kawaida waya ulikuwa na kelele kama bata wanaotolewa bandani. Kisha sauti ya Bu Tarwi ikaja, laini, ya wimbo.

"Kenanga, Kenanga, upo? Mbona umetupotea?"

Rumiyati alibonyeza, akauliza kama walikuwa wakimsikia. Bu Tarwi akasema la, dada, ulikatika palepale kwenye hadithi ya mbuzi, tumedhani betri yako imekufa. Radi ya Masika naye akaapa kwamba hakusikia kitu. Chui Mweusi alikohoa.

Basi hakujua. Mpira huwa unateleza, betri huwa zinakufa, pengine kweli hawakusikia. Alipokuwa amebana kitufe hakuweza kusikia kama kuna aliyejaribu kumzuia. Usiku ule aliomba Mungu betri iwe ilikufa, na asubuhi alipoijaribu ilikuwa nzima.

Wiki zilizofuata waliuliza habari za Giyanto kuliko wakati wowote. Wakati mwingine walimdaka hata kabla hajasema salamu. Mas kakuletea nini? Mas atakuja lini? Radi ya Masika, mwenye meno mawili kinywani, aliuliza kama Mas bado analala vizuri peke yake huko ugenini. Rumiyati alijibu. Kunyamaza kungekuwa kukiri, kwa hiyo alimnunulia Giyanto kiwanja, akamnunulia ng'ombe, akamtia homa ya wiki nzima ili apate kumtaja mkewe ndotoni. Alisema huku machozi yakidondokea soya, na sauti haikutetemeka. Jioni moja, wakati Bu Tarwi anamuuliza atapewa kitambaa gani cha sikukuu, Rumiyati alisikia nyuma ya swali kicheko cha mtu mwingine ndani ya nyumba ya Bu Tarwi, kicheko kilichokatwa kitufe kilipoachiwa.

Hakuweza kufunga tempe tena jioni ile. Walikuwa wamekusanyana kumsikiliza. Au walikuwa wakicheka jambo jingine, watu hucheka majumbani mwao. Kutojua ndiko kulikomla. Angeweza kuvumilia kuachwa, maana Giyanto alikuwa ameshakuwa mtu wa mbali hata kabla. Asichoweza ni kupiga soga kila siku na mtu bila kujua kama ni rafiki au mtazamaji. Kumuuliza Bu Tarwi ana kwa ana hakukuwa na maana, wangetazamana viatu. Kumuuliza kwenye waya alishamuuliza.

Ndipo akamuua Giyanto.

Alifanya hivyo alfajiri, baada ya sala, saa ambayo waya huwa na watu wa kuulizana kama ukungu umeharibu tumbaku. Alibonyeza, akasema innalillahi, Mas Giyanto ameangukiwa na mchikichi, wameshamzika hukohuko, nimeletewa habari. Akaachia kitufe, akazima kisanduku asije akasikia wanavyojibu. Ilikuwa dhambi, alijua. Lakini hesabu yake ilikuwa hii: kwetu mtu akifiwa, hakuna anayebaki nyumbani. Hata kama mmegombana miaka kumi, unatia mchele kwenye beseni, unafunika kwa kitambaa, unakwenda kuketi kwa mfiwa. Asiyejua kwamba Rumiyati ameachwa atakuja kwa Rumiyati, maana mke ndiye mwenye msiba. Hata akija Bu Tarwi peke yake, yatosha. Atamwangukia magoti, atamweleza kila kitu, atamwomba msamaha kwa uongo wote, na watakuwa marafiki mpaka kufa.

Alitandika mikeka. Alichemsha chai, akapanga gilasi juu ya sinia, akafagia ua mara mbili. Jua likapanda. Mchuuzi wa tempe alikuwa ameshapita. Alisikia sauti za wanawake wakipita njia ya chini, nyingi, akasimama na kujiweka sawa kitambaa cha kichwa, lakini sauti zile zilipita zikaelekea ng'ambo ya kijito. Mchana chai ikapoa, akachemsha nyingine. Jirani wa pembeni, ambaye hana waya, alichungulia, akaona mikeka, akauliza kuna shughuli gani, naye Rumiyati akamwambia anaianika.

Sarno alifika alasiri, pikipiki na suruali vimejaa tope. Hakubisha hodi.

"Nani kasema Giyanto amekufa?"

Rumiyati alimsogezea gilasi ya chai.

Sarno alimweleza akiwa amesimama, kwa hasira ya mtu aliyeaibishwa nyumbani kwake. Asubuhi alikuwa bandani analisha mbuzi, mara wanawake wakamiminika uani na mabeseni ya mchele na sukari, wanalia. Mkewe aliposikia shemeji yake amekufa alianguka, ikabidi amwagiwe maji. Yeye mwenyewe alilia kama mtoto. Halafu akapanda pikipiki mpaka Parakan kwenye kibanda cha simu, akalipa hela ya ng'ambo, na aliyepokea alikuwa Giyanto mwenyewe, anatafuna chakula.

"Anakula wali!" alisema Sarno. "Mimi nimemlilia, na yeye anakula wali."

"Walikuja kwako," alisema Rumiyati.

"Wamejaa mpaka zizini."

"Bu Tarwi naye?"

"Huyo ndiye aliyetangulia. Kaniambia, nimekuja kwako, Kang, maana kule kwa Rum hakuna tena mfiwa." Hapo Sarno akasita. Hasira ilimpungua usoni, akawa mtu anayefikiri. "Nani alimwambia? Wallahi sikumwambia mtu. Wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia," alisema Rumiyati. "Niliwaambia wote."

Sarno hakuelewa, naye Rumiyati hakuwa na nguvu ya kumweleza. Alikwenda kwenye kisanduku akakiwasha, labda kwa mazoea tu, labda alitaka kusikia sauti ya mtu yeyote. Haukupita muda, Bu Tarwi akaingia. Bado hakuwa amepata habari za kibanda cha simu.

"Kenanga, mwenzangu, pole sana. Nimelia tangu asubuhi. Ningefika kwako leo hii, ila mguu umenishika tangu jana, hata mlangoni sijatoka. Kesho, Mungu akipenda, mimi ndiye nitakuwa wa kwanza."

Sarno alikodoa macho kwenye spika. Mwanamke huyo alikuwa amekaa uani kwake asubuhi nzima, amekula sahani mbili za wali kwa mguu huo ulioshikwa. Alifungua mdomo, Rumiyati akamzuia kwa mkono. Uso wake ulikuwa mkavu. Alibonyeza kitufe, akasema polepole ili kila nyumba ipate kusikia, kuanzia ya Pak Jumeri huko juu mpaka ya mwisho kijitoni.

"Asante, Bu Tarwi. Kang Sarno yuko hapa amesimama karibu yangu. Anakusikia vizuri, kama mlivyonisikia mimi vizuri mwezi wa Rajabu."

Akaachia.

Hakuna aliyejibu. Chui Mweusi hakukohoa. Waya mzima, watu wote wale wasioweza kukaa robo saa bila kuulizana wamekula nini, haukutoa hata pumzi, wala baada ya Isha haukuamka, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Rumiyati alijua kwamba amewakomesha, kwamba kila mmoja wao amekaa kwake na aibu yake haoni pa kuiweka. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote aliowahi kuupata maishani, mzuri kuliko hadithi ya mkuu wa kitongoji na choo, na hakuwa na mtu wa kumsimulia.