Mkimbizi wa Somo la Amani

Mwaka wangu wa pili chuoni, mwalimu wa usuluhishi wa migogoro alituingiza vitani. Chuo chetu kilikuwa kidogo, nje kidogo ya Sumbawanga kwa upande wa Milanzi. Tulisomea maendeleo ya kimataifa, na wengi wetu safari ndefu kuliko zote tuliyowahi kusafiri iliishia Mbeya. Mwalimu mwenyewe, mama mkali aliyehamia kutoka huko huko Mbeya, alisema amani haisomwi kwenye makaratasi. Basi akabuni nchi, akaigawa: hawa Serikali, hawa Waasi, waliobaki Wakimbizi. Serikali na Waasi wakae bwaloni wajadiliane mpaka watie saini. Maksi zitatokana na hoja za mtu.

"Na sisi?" nikauliza, maana nilikuwa nimeangukia ukimbizini.

"Ninyi mnasubiri."

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba somo hilo nilishalifeli mara moja, na nikilifeli tena narudi nyumbani kulima ulezi na baba. Nani atampa maksi mtu wa kusubiri?

Ukimbizi wenyewe ulikuwa turubai pembeni mwa uwanja wa mpira, mwezi wa saba. Anayeujua upepo wa baridi wa nyanda zetu za Ufipa mwezi wa saba hahitaji maelezo. Chakula chetu kilikuwa uji, tena mwepesi, eti tuonje hali halisi. Bwaloni, kwa kuwa kuna mfadhili aliyechangia zoezi, wajumbe walipikiwa wali na nyama kila siku ambayo mazungumzo yaliendelea. Watu wa ugali na maharage muhula mzima! Mwalimu, pamoja na usomi wake wote, hakuona mtego ulipo.

Vita vikanoga. Walibishana kuhusu ajenda, wakabishana nani akae upande gani wa meza, wakaahirisha ili wakashauriane. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Matai mwenye tumbo lisilojua kushiba, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waasi. Jioni sote tuliruhusiwa kurudi vyumbani, naye alirudi midomo inang'aa mafuta.

"Mmefikia wapi?"

"Mshikaji, hali ni tete. Serikali wamegoma."

"Wamegoma, au mmeelewana wagome?"

Akajikuna shingo. "Kesho kuna kuku," akasema kwa huzuni ya mtu aliyebebeshwa taifa.

Nilikasirika, sifichi. Asubuhi nikawaongoza wakimbizi wenzangu hadi jikoni kwa mama mpishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa mmekimbilia kwangu?"

Tukamweleza kwa nini nchi haipati amani. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Yeye naye alishachoka kukaanga vitunguu kwa ajili ya vita visivyokwisha. "Mimi nimeambiwa nipike," akasema. "Nani ale nini, hawakuniambia."

Mchana ule kuku walikuja turubaini na uji ukaingia bwaloni. Tulisikia kelele, halafu kimya, halafu makofi. Mkataba ulitiwa saini kabla uji haujapoa.

Mwalimu akatuita sote bwaloni, uso unameremeta kwa furaha. Wajumbe walikuwa wamekaa. Sisi tukapangwa ukutani, wima. Akasoma mkataba: mipaka, mgawanyo wa mawaziri, na mwisho kabisa, wakimbizi watarudishwa makwao mara moja. Akawasifu wajumbe kwa moyo wa maridhiano, akasema tuwapigie makofi.

Sikupiga. "Hatujakubali," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

Mwalimu akashusha miwani. "Hamjakubali nini?"

"Kurudi. Hakuna aliyetuuliza tunarudi wapi, wala kama nyumba bado zipo."

Kiongozi wa Waasi alicheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu yake. "Haya. Mnataka nini?"

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimejiandaa kukataa tu. La kutaka sikuwa nimelifikiria kabisa. Miguu ilikuwa inaniuma, na bwalo zima linanitazama.

"Kwanza," nikasema, "viti."

Mwalimu aliwageukia wajumbe, akawatazama. Wa kwanza kuinuka alikuwa mwenzangu wa chumba. Akanisogezea kiti chake, bado kina joto.

Nikakaa. Ndipo nikaanza kuongea.