Dani Anataka Picha ya Uso

Mamangu ana duka Migori mjini, na hajawahi kufika Mombasa maishani mwake, lakini huwaambia wateja kwamba binti yake anaishi baharini. Nimemweleza mara nyingi kwamba hili ni ziwa, maji yake hayana chumvi, tunayasongea ugali. Hasikii. "Maji ambayo huoni ng'ambo ni bahari," anasema, halafu ananiuliza kama nimefunga mlango, kama nimekula, kama paa linavuja. Wasiwasi nimeurithi kwake, sikuuokota njiani.

Nilihamia kisiwa cha Rusinga baada ya kuchoshwa na studio ya Migori, ambako nilikuwa nikipiga picha za pasipoti mbele ya pazia la bluu tangu asubuhi hadi jioni. Nikakodi chumba karibu na maji. Huku napata harusi, sherehe za shule, na zaidi ya yote matanga. Lakini kabla kazi haijaniita, kila asubuhi hutoka na kamera kupiga picha za kujifurahisha. Omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, zinaanza kupinda mikia. Taa za wavuvi zimepangwa juani zikichajiwa. Wale korongo wenye vipara wamesimama wakingoja utumbo wa samaki, wamenyamaza kama wazee wa kamati. Siku wadudu wa ziwani wanapopanda juu kama moshi, nafunga mdomo na kuendelea kubonyeza. Watu hunicheka, ati nyavu nazo zinataka picha za nini.

Kilichonitoa kitandani hasa ni mikono ya dani. Dani ndilo neno la Kijaluo la nyanya, na pale ufuoni kila mtu anamwita hivyo. Si nyanya yangu wa damu. Ni mjane, mwenye boma nilimokodi chumba, na muuzaji wa omena tangu kabla sijazaliwa. Mimi kwa mama ni Mkuria, na Kijaluo changu kinaishia kwenye salamu, kwa hivyo tulikuwa tunaongea Kiswahili, chake kikienda kinakotaka. Aliniita nyara, yaani binti yangu. Nilimpiga picha za mikono akitandaza omena bila kuziangalia, akifunga gunia, akipepeta, akimfukuza kuku. Picha mia nne na kitu, zote kuanzia kiwiko kwenda chini.

Siku moja nilimpa moja niliyoichapisha kubwa. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele tena.

"Na mimi iko wapi?"

"Ni wewe, dani. Mikono yako."

"Mkono najua. Mkono naona kila siku. Mimi nataka ile kitu sioni."

Nikacheka, nikidhani ameridhika. Kumbe alikuwa anaanza.

Huku kwetu mtu hazikwi bila uso wake. Picha yake inasimama kwenye fremu kando ya jeneza, inachapishwa kwenye fulana za wajukuu, inawekwa kwenye bango kando ya barabara ili wageni wajue pa kukata kona. Kwa hivyo mtu akifa, kabla hata ya kutafuta ng'ombe, jamaa zake wanaanza kutafuta picha, na wasipoipata wanakuja kwangu na simu. Huyu hapa, wa tatu kutoka kushoto, kwenye harusi ya fulani, amefunikwa nusu na mwavuli. Nami namkata, namtoa mwavuli, nampa bega jipya. Kuna mzee wa Macalder nilimvalisha koti ambalo hakuwahi kulimiliki, kwa sababu picha yake pekee alipigwa akitoka kwenye shimo la dhahabu, kifua wazi, matope hadi kwenye nyusi. Wajane wawili walilia kwa furaha kumwona na tai.

Dani aliona hayo yote kupitia dirisha langu na akaamua kujiandaa mapema. "Mimi sitaki kukatwa kutoka harusi ya mtu," aliniambia. "Nataka yangu. Uso, shingo, kitambaa. Nikae kwa kabati nikingoja."

Sasa nitasema ukweli, ingawa ni aibu. Ninaogopa kupiga uso wa mtu ninayempenda. Babangu nilimpiga picha dukani kwetu, mwanga wa mlango ukimwangukia shavuni, akaipenda picha ile hata akawa anawaonyesha wanaokuja kununua sukari. Wiki mbili baadaye ndiyo iliyosimama kando ya jeneza lake. Kisha mwalimu wangu wa zamani huko Uriri. Nilimpiga mara moja tu, akicheka, na kabla ya mvua kuanza nikaitwa kuikuza kwa matanga yake. Najua, babangu alikuwa na presha na mwalimu aliugua miaka. Padri amenieleza, mamangu amenikemea, nami mwenyewe nimejikanya. Akili inakubali, tumbo linakataa. Nyuso za wateja hazinisumbui hata kidogo. Lakini dani ndiye aliyekuwa akinifunikia ugali nikichelewa kazini. Nilipolala na malaria siku nne, ndiye aliyeninywesha uji, huku akinitukana kwa kukonda.

Mara ya kwanza alikuja mlangoni Jumamosi, ametoka kanisani, na gauni la bluu lenye kola nyeupe na kitambaa kimefungwa hadi kikasimama.

"Leo ni Sabato, dani," nikasema. "Hatufanyi kazi."

"Wewe ni Msabato tangu lini? Wewe ni Mkatoliki, tena ya kuchelewa. Na picha si kazi."

Nikajifanya naitwa kwenye simu.

Mara ya pili nilimwambia betri imeisha. Betri ilikuwa imejaa, iko kwenye mkoba, na mkoba uko begani. Aliutazama ule mkoba, akanitazama mimi, akaenda kubadilisha nguo. Usiku huo chakula changu hakikufunikwa, na nilistahili.

Mara ya tatu hakuuliza. Nilitoka asubuhi nikamkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wangu, gauni lile lile, kidevu juu, mikono ameificha nyuma ya mgongo ili nisiwe na kingine cha kupiga. Sikuwa na pa kupitia. Nikainua kamera. Nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza ndani ya lenzi, pengo la meno ya chini, kovu dogo juu ya jicho, macho yanayonicheka na kunisuta pamoja. Mwanga ulikuwa mzuri kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamwona babangu na sukari yake.

"Jua kali sana, dani," nikasema. "Litakuharibu. Tufanye kesho mapema."

"Ngojangoja huumiza matumbo, nyara."

"Kesho. Haki kesho."

"Unaogopa nini? Ni mimi nitakufa, si wewe."

Akainuka, akabeba kigoda chake. Mchana ule nikapigiwa simu kutoka Uriri, harusi ya siku mbili, mpiga picha wao amewaacha kwenye mataa. Nilifurahi. Nasema hivi kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifunga mkoba nikiimba.

Nilikuwa naonyesha maharusi mahali pa kusimama wakati jirani yetu wa Rusinga aliponipigia. Dani ameanguka kwenye omena, mdomo umeenda upande, amepelekwa hospitali Homa Bay. Sikumbuki niliwaaga vipi wenye harusi. Kwenye gari nilimhimiza dereva aongeze mwendo hata kondakta akaniuliza kama mimi ndiye mgonjwa.

Niliogopa atakufa. Lakini chini ya woga huo kulikuwa na mwingine wa aibu, na huo ndio ulionifanya nitoe kamera na zile kadi zote za picha nilizokuwa nazo mkobani, nianze kutafuta. Mkono. Mkono na gunia. Mkono na kuku. Kidevu, labda chake, labda cha mteja. Kivuli cha kichwa juu ya mchanga. Sikio. Kutoka Rongo hadi Homa Bay nilirudia kadi zote mara mbili. Nilikuwa nimekaa na yule mwanamke miaka mitatu, kila asubuhi, na kamera mkononi, na kama angekufa siku ile ningeombwa nimkate kutoka harusi ya mtu.

Hakuwa amekufa. Nilipomwona kwenye kitanda cha wodi, macho wazi, nilicheka kwa sauti, nesi akanigeukia. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka wote, jicho, shavu, kona ya mdomo. Binti yake, anayeuza nguo sokoni pale Homa Bay, alikuwa anampangusa mate kwa leso.

"Anakuulizia tangu aletwe," akaniambia.

Kiswahili chake kilikuwa kimeondoka chote. Kilichobaki kilikuwa Kijaluo, kizito, nusu nusu, na ilibidi binti anitafsirie. Dani akaninyooshea mkono wa kushoto na kusema neno.

"Anauliza kama umekuja na kamera."

Nikatikisa kichwa kukubali. Binti akaanza kumbembeleza, apone kwanza, gauni liko Rusinga, hata kitambaa hana. Nami nikaanza kuitikia, ndiyo dani, upone kwanza. Nilikuwa narudia wimbo wangu ule ule. Akapiga kitanda kwa kiganja, mara moja.

Binti akavua kitambaa chake mwenyewe akamfunga mamake. Nikatoa kamera. Ajabu ni kwamba hofu haikuwepo. Nilichokuwa nakizuia mlangoni kilikuwa kimeshaingia kwa dirisha. Nilizunguka upande wa kushoto, upande uliobaki mzima, nikitaka kumpiga kutoka pale, kwa pembeni, mwanga wa dirisha umfiche. Lakini yeye alinifuata kwa macho. Aligeuza kichwa chote, taratibu, akainua kidevu kama siku ile ya kigoda, akanikabili uso mzima. Nikabonyeza.

Akanyoosha mkono ili aone. Nami, mjinga, nikampa.

Hapakuwa na kioo mle wodini. Tangu aanguke hakuna aliyemwonyesha, wala aliyemwambia. Wote walikuwa wakimwambia anaendelea vizuri. Alikitazama kile kioo kidogo cha kamera kwa muda mrefu. Akakigusa kwa kidole, kisha akagusa shavu lake la kulia, akarudi kwenye kamera. Akasema kitu. Binti hakutafsiri.

"Amesemaje?"

"Anauliza huyu ni nani."

Dani akasema tena, safari hii akinitazama mimi, na neno lile nililielewa kabla binti hajalifikisha.

"Anasema ufute."

Nikafuta, akiangalia kidole changu. Kisha akafungua kitambaa kichwani kwa ule mkono mmoja na kumrudishia binti yake.

Yuko hai hadi leo. Anaishi kwa binti, Homa Bay, anatembea na mkongojo, na Kiswahili kimemrudia kiasi cha kunigombeza kwamba nimekonda. Kila mwisho wa mwezi ninampelekea omena kutoka Rusinga, na anazichambua akisema siku hizi wanaanika vibaya. Madaktari wanasema ana nguvu. Mamangu anasema unaona, ulikuwa unajitisha bure, na namwambia ndiyo, bure kabisa. Sijalala vizuri tangu mwaka jana.

Picha hajaiomba tena. Nami nimejitolea mara mbili, nikamwambia tutatafuta pembe nzuri, nikamwambia najua kurekebisha, niliwahi hata kumvalisha mtu koti. Alinijibu kwa Kijaluo, na binti akasema amekataa. Siku hizi nikibisha hodi husikia mkongojo ukisogea, kisha mlango unafunguka. Leso huwa ameivuta hadi puani. Anatazama mikono yangu, anatazama mkoba, ananiambia niufungue. Akishaona kwamba ni omena tu, ndipo anaishusha leso na kunisalimia.