Redio ya Chumba cha Bibi

Asubuhi inafanya kazi. Jioni nikiirekebisha, inafanya kazi. Ila mchana, jua likishachachamaa, redio yangu pale gengeni inapiga shaaa tu na chumba cha bibi kinakuwa kimya. Siku ya kwanza nikasema betri. Nikabadilisha, wapi. Nikalehemu upya kila kiungio, wapi. Ndipo nikaanza kumwangalia shangazi.

Nieleze vizuri. Tunakaa Itetemia. Mbele ya nyumba kuna genge letu, nauza nyanya, dagaa na mkaa huku nasubiri majibu ya kidato cha sita. Chumba cha bibi kiko nyuma kabisa, mpaka uvuke ua. Kuna siku bibi aliita wee, mimi niko na wateja sikusikia. Akaamua kujinyanyua mwenyewe, akaanguka, nyonga ikavunjika. Nikaapa haitatokea tena. Nikatengeneza kidude cha kurusha sauti: transista moja, koili ya waya wa shaba niliyoizungushia kwenye kalamu, na maiki niliyoing'oa kwenye simu mbovu. Chumbani kinanasa sauti ya bibi, gengeni nafungua redio ya kawaida, naweka mshale mahali pasipo na stesheni, namsikia akiita. Hakirushi mbali. Nilipojaribu kutembea nacho kilikata hata kabla sijafika kona.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Sikonge kumuuguza bibi, na dumu la asali na bonge la nta. Nta anaichanganya na mafuta, anampaka bibi visigino. Nami nikakata kipande nikakiyeyushia juu ya koili, maana mizunguko ikiachana kidogo tu, stesheni inahama. Nikatia kila kitu kwenye kopo la mafuta ya mgando, nikalifunga juu kwenye kenchi chini ya bati, waya wa antena ukaning'inia. Redio ya gengeni nayo nikaibandika mshale kwa selotepu. Wateja wa hapa wana mikono, akisubiri chenji anakutafutia taarabu.

Sasa kila jioni nikishusha kopo nakuta mizunguko ya koili imeachana na nta imebonyea, kama mtu kapitisha kidole. Naibana tena kwa ukucha, inakaa sawa, kesho mchana yale yale. Na vidole vya nani kwenye nyumba hii vinanuka nta kutwa nzima?

"Shangazi, kuna mtu anagusa kopo langu?"

"Lile la juu huko? Nipande kwenye kenchi, mimi ni paka?"

"Nauliza tu."

"Huulizi wewe, unapeleleza. Kamwone bibi yako, anataka kugeuzwa."

Hakukataa lakini. Nililiona hilo.

Kilichonimaliza ni jirani, mama mshonaji, ambaye cherehani yake na redio yake havipumziki. Alikuja kununua nyanya, akaniinamia: "Mwambieni bibi yenu ameze dawa bwana, asiwe anazificha kwenye foronya."

Nikaenda kuangalia. Vidonge vimo kweli kwenye foronya. Mimi mjukuu sijui, jirani anajua! Nikaunganisha mwenyewe: shangazi anajua bibi hamezi dawa, ananyamaza, anazima kidude changu nisisikie, halafu anaenda kumwaga umbea kwa jirani. Nikampigia baba, yuko Igalula kwenye biashara yake ya mpunga. Nikamweleza yote, haraka haraka, hata pumzi sikuvuta.

Baba akasema, "Basi Jumamosi nakuja. Dada arudi kwake Sikonge, tutatafuta binti wa kazi."

Niliridhika. Ila nilitaka ushahidi wa kumwekea baba mezani. Ijumaa asubuhi nikalifunga lile kopo kwa uzi mwekundu, fundo la kwangu mwenyewe ambalo ukilifungua huwezi kulirudisha. Mchana ukafika, shaaa. Nikaacha genge wazi nikakimbilia chumbani, nikapanda kwenye stuli. Fundo liko vile vile. Kopo lilikuwa la moto mpaka nikavuta mkono. Nikaona nimeshindwa na nisichokielewa, nikashuka nimenuna, nikaenda kwa mama mshonaji kuchukua sketi yangu.

Cherehani ilikuwa imesimama. Yeye kainamisha sikio kwenye redio yake. Redio ikakohoa.

Kile kikohozi nakijua. Kisha sauti ya shangazi: "Mama, meza nakuomba. Kimoja tu. Vya jana umevitemea tena kwenye foronya?" Na bibi: "Vinanichoma tumbo. Ukimwambia yule mtoto nakuchapa."

"Kaa, kaa," mama mshonaji akaniambia, hata haya hana. "Hii tamthilia yenu huwa inaanza mchana. Imekaa pembeni kidogo tu ya stesheni yangu ya mawaidha. Nilijua mnajua."

Nilirudi bila sketi. Nikapanda tena kwenye stuli, nikafungua fundo langu mwenyewe. Nta ilikuwa inang'aa kama samli. Joto la bati lilikuwa linailegeza, uzito wa antena unaivuta koili, mizunguko inaachana, stesheni inahamia kwa jirani. Sauti ya bibi haikuwahi kukatika. Mimi ndo nilikuwa nimebandika mshale wangu.

Nikampata shangazi uani anafua mashuka. "Shangazi, nilimwambia baba..."

"Najua. Kaka kanipigia siku ile ile."

"Na hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kutwa unaninusa vidole. Begi langu liko tayari mlangoni, namalizia mashuka tu."

Nikampigia baba pale pale mbele yake, nikamweleza yote kuanzia bati mpaka cherehani. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema hilo si la kumwambia yeye. Shangazi akaendelea kukamua shuka.

Bibi ndiye aliyetoa hukumu, akiwa amelala. "Shangazi yako haendi popote. Dawa nitameza, mkaniombee nyingine hospitali. Ila na mimi nani aliniuliza kama nataka kusikilizwa? Mpaka jirani anajua ninachotema!"

Kwa hiyo koili nikaimwagia gundi ngumu, kopo nikalishusha chini ya kitanda kwenye ubaridi, na nikaunga swichi ya kengele ya mlango kwenye waya mrefu. Bibi anaishika mwenyewe mkononi. Asipobonyeza hakuna anayesikia kitu, si mimi wala mama mshonaji.

Jumamosi baba alifika. Nilikuwa gengeni, selotepu nimeshaibandua, redio ikafunguka:

"Wewe wa nyanya! Mletee baba yako maji. Na shangazi yako naye mletee, amechoka."

Nikapeleka. Nilipoingia wote watatu wakanyamaza. Nikarudi zangu gengeni nikasikiliza. Shaaa. Nikausogeza mshale kidogo huku, kidogo kule. Shaaa.

Nilipopeleka maji, begi la shangazi sikuliona tena mlangoni, lilikuwa limerudi ndani. Hiyo tu ndiyo habari niliyoipata.