Ubeti Uliorudi Kila Jumamosi

Nakumbuka Jumamosi ile wimbo wetu ulipogawanyika midomoni mwetu. Nusu ya kwaya iliimba kivuko, nusu ikaimba daraja, na katikati yakatoka maneno yasiyokuwemo katika Kiswahili wala Kisukuma. Deus, aliyekuwa akituongoza, alishusha mikono, akaitazama simu yake, kisha akanitazama mimi.

Mwanangu Shija, usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua tumepishana miaka michache tu, tena wewe una ndevu. Lakini baba yako ni kaka yangu, mimi ni shangazi yako, na ushangazi hauna umri. Nimesikia kwaya yenu ya hapo Kisesa imekuomba uitengenezee programu ya nyimbo, ile ya kufungulia mtandaoni, ambayo huendelea kufanya kazi hata bando likiisha, na inayofuatana na mtu kutoka simu hadi kompyuta. Mimi nilishatengeneza ya namna hiyo. Kaa nikueleze. Mimi ni mtu wa wasiwasi, babu yako husema naweza kukishuku hata kivuli changu, na bado jambo lililotuumiza lilinipita mbele ya macho.

Kwaya yetu ya Buswelu ilikuwa ikiimba kwa makaratasi ya fotokopi. Mvua iliyalowesha, jasho likayala, na besi walikuwa wakiyasahau nyumbani. Nilipomaliza chuo nikiwa sina kazi, nikachaguliwa katibu wa kwaya, nikaona hapo ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nikaweka nyimbo zote kwenye programu, maneno pamoja na nota za solfa. Mtu angeweza kuusoma wimbo akiwa shambani hakuna mtandao, na akiona kosa angelirekebisha hapo hapo. Simu yake ikija kupata mtandao, marekebisho yake yangesafiri kwenda kwenye simu za wengine wote.

Nilitaka kila mtu awe na akaunti yake. Kura zikanishinda. Wakasema wazee hawatakumbuka nenosiri, basi tukawa na akaunti moja ya kwaya, na nenosiri likaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi. Usiku ule sikulala. Kumbe nilikuwa nahofia wezi wa nje, na wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Tena kulikuwa na kanuni moja niliyoiandika mwenyewe, haraka haraka, wali ukiwa mezani: marekebisho ya watu wawili yakigongana, yale yatakayofika mwisho ndiyo yabaki. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Kwenye programu yangu, mwanangu, aliyechelewa ndiye aliyepewa mwana. Sikuona ubaya wake. Nilikula, nikashiba, nikaisahau.

Sasa wimbo wenyewe. Ulitungwa na Mwalimu Masanja, aliyeifundisha kwaya yetu tangu mama zetu wakiwa wasichana. Alikuwa amestaafu na kuhamia ng'ambo, kijiji kimoja cha Sengerema kupita Kamanga, mahali ambapo ukitaka mtandao unapanda kichuguu. Lakini kila Jumamosi alivuka kwa kivuko kuja kuwafundisha watoto, katika darasa lililopakana na ukumbi wetu, akiwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuwagawia waliojitahidi. Ubeti wa tatu wa wimbo wake ulisema:

Tu ng'ambo hii twangoja, mawimbi yanapiga,
Bwana, leta kivuko, jua linatua.

Jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia. Sisi vijana tukakaa tukaona kwamba daraja kubwa limeshajengwa, watu wanavuka ziwa kwa gari, kivuko cha nini tena? Tukaandika ubeti mpya wa daraja. Kuhusu Mwalimu, tulikubaliana kabisa kwamba aambiwe. Hatukusema aambiwe na nani. Mwenyekiti wetu, Mama Pendo, alidhani Deus atamwambia, Deus alidhani mimi, mimi nikadhani jambo la mtu mzima husemwa na mtu mzima mwenzake. Basi kila Mwalimu alipopita mlangoni tulihamia wimbo mwingine. Hiyo tuliiita heshima.

Ndipo vikaanza vituko. Ijumaa wimbo uko sawa kwenye kila simu. Jumamosi, tukishamaliza sala ya kufungua mazoezi, ubeti wa kivuko umerudi. Tunaufuta, tunaweka wa daraja. Jumamosi inayofuata, kivuko tena. Wengine simu zao zilikuwa zimeshapokea, wengine bado, ndiyo maana tuliimba kama soko.

"Kabula, wewe ndiye mwenye mtambo," Mama Pendo aliniambia mbele ya wote.

"Mama, mtambo hauna mwenyewe. Nenosiri liko ubaoni."

"Basi mtafute anayefanya hivi. Ukishindwa tunarudi kwenye makaratasi, na ukatibu unamwachia mwenzio. Siwezi kuingia jubilei na kwaya yenye mchawi."

Neno hilo likaingia ukumbini likakaa. Nikaanza kumshuku kila mtu. Alto walikuwa na kinyongo na ubeti mpya kwa sababu sauti yao ilishushwa. Tena mmoja wao alishawahi kusema programu yangu ni ya kujionyesha. Kwa kuwa ubeti ulibadilika wakati wa sala, nikawaza: anayefanya hivi anangoja tufumbe macho. Basi nikasali jicho moja likiwa wazi, nikihesabu vidole vya watu. Mungu anisamehe. Nikaviona vidole gumba vya Deus vikicheza chini ya benchi.

Nilimkamata mlangoni. "Deus, ulikuwa unabonyeza nini wakati wa sala?"

"Matokeo ya mpira."

"Wakati wa sala?"

"Si ndiyo wakati wenyewe wa kuwaombea? Tulikuwa tumefungwa mbili."

Nikamnyang'anya simu nikaikagua. Mpira mtupu.

Jumamosi iliyofuata ziwa lilichafuka, upepo ukavuma toka asubuhi. Siku hiyo wimbo haukubadilika. Mtu mwenye akili tulivu angejiuliza nani hakufika kwa sababu ya ziwa. Mimi nikaandika majina ya wanakwaya wasiokuwepo, nikaanza na dada mmoja wa soprano aliyekwenda msibani Magu. Nilimshuku mfiwa, mwanangu! Mwalimu sikumwandika. Hakuwa mwanakwaya tena. Alikuwa mzee wa watoto wa chumba cha pili. Mashaka yangu yaliuzunguka ukumbi mzima yakasahau mlango mmoja.

Mama Pendo akaniongezea wiki moja ya mwisho. Jumamosi yake nilibaki nje, nisimame dirishani niwatazame wote kwa pamoja. Nikiwa pale, kwaya haijaanza kuimba, nikasikia watoto upande wa pili wa ukuta: "Bwana, leta kivuko, jua linatua." Nikaenda.

Mwalimu Masanja alikuwa amekaa kwenye dawati dogo, magoti juu, kishikwambi alichopewa na mwanawe kiko mapajani. Kimeunganishwa na intaneti ya ofisi ya parokia. Programu yangu iko wazi, ameingia kwa nenosiri lile lile la ubaoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Afadhali umekuja." Akawaambia watoto watoke wakapumzike, akangoja mpaka wa mwisho alipotoka. "Wewe ni mtu wa mitambo. Nikuulize jambo, lakini lisitoke humu ndani. Mtu akianza kusahau, anajuaje?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Huu wimbo ni wangu. Maneno yake niliyapata na marehemu mke wangu tukiwa Kamanga tunangoja kivuko, yeye akiimba, mimi naandika. Nikija hapa uko sawa. Nikirudi nyumbani naukuta ubeti wa tatu una maneno ya daraja. Naurekebisha. Wiki inayofuata, tena. Kishikwambi changu hakiguswi na mtu, nalala nacho. Basi ni mimi ninayeandika halafu nasahau kwamba nimeandika." Akakifunga, akakifungua. "Nimemwambia mwanangu nahisi kichwa kinaniondoka. Amenitafutia daktari, Jumatatu ananipeleka."

Nilielewa yote kwa mara moja, nikatamani nisielewe. Yeye anaandika kijijini pasipo mtandao. Jumamosi anafika hapa, kishikwambi kinaungana, na kwa kuwa chake ndicho kimefika mwisho, kinatufuta sisi sote wakati tunasali. Sisi tunaurudisha ubeti wetu, nacho kinaupokea kabla hajaondoka. Watu wa upande huu na mtu wa upande ule walikuwa wakigombania ubeti mmoja wiki nzima nzima bila kujua kwamba wanagombana. Na katika ugomvi huo mzee alikuwa ameshaamua kwamba adui yake ni kichwa chake.

Deus alikuwa amenifuata, amesimama nje ya mlango, amesikia. Akanivuta pembeni.

"Itoe ile akaunti kwenye kishikwambi chake, kimya kimya. Mzee hatajua, sisi tunapona, wewe unabaki katibu."

"Na yeye?"

"Anabaki na wimbo wake. Hakuna atakayemgusa tena."

"Jumatatu anapelekwa kwa daktari, Deus. Anadhani amerukwa na akili."

"Daktari atamwambia ni mzima. Tatizo liko wapi?"

Sitakudanganya kwamba nilikataa hapo hapo. Nilifikiri, na mimi nikifikiri, huwa nafika mbali. Niliona jubilei, niliona macho ya Mama Pendo, niliona namna ambavyo jambo hili lingekwisha kwa kubonyeza mara moja tu. Kisha kupitia mlangoni nikamwona Mwalimu ameinamia kioo, anasoma ubeti wake kwa kidole, neno kwa neno, kama mtoto anayehofia kuulizwa. Nikarudi ndani.

"Mwalimu, hujasahau kitu. Ni sisi tuliobadilisha."

"Nani?"

"Kwaya."

"Wote?"

"Wote."

"Na Mama Pendo?"

"Na yeye."

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka akafuta macho, mabega yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Halafu kicheko kikamwisha, akanitazama mpaka nikatafuta pa kuweka mikono.

"Mngeniambia wimbo umezeeka, ningekasirika. Ningenuna nisivuke Jumamosi mbili, halafu ningekuja. Hasira ya mzee haiui mtu. Lakini mmeniacha nijiogope mwenyewe, Kabula. Mtu ukimficha jambo linalomhusu, hatakaa bure. Ataanza kulitafuta kosa ndani ya kichwa chake. Na mliniamkia kila wiki, shikamoo, shikamoo. Huo ni ukatili wenye adabu."

Akakiacha kishikwambi juu ya dawati, akaingia ukumbini, mimi nyuma yake, watoto nyuma yangu. Hakusalimia. Alisimama mbele ya kwaya akauimba wimbo wote bila karatasi, sauti imekwaruza lakini haikutoka njiani, na alipofika ubeti wa tatu aliuimba polepole, akisikiliza kila neno lake mwenyewe kama anayehesabu ng'ombe jioni. Hakupungukiwa hata mmoja.

Nikaeleza yaliyotokea. Mama Pendo alivua miwani. Akauliza nani alipewa kazi ya kumwambia Mwalimu, na tukawa tunatazamana, naye akijitazama vidole. Mwalimu akataka kuusikia ubeti wa daraja. Deus akauimba, kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu.

"Ni mzuri," Mwalimu alisema. "Utafutieni wimbo wake."

Kisha akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akampigia mwanawe pale pale mbele yetu, akiongea kwa sauti kubwa kama wanavyoongea watu wa ng'ambo. "Mwambie daktari asinisubiri. Wagonjwa nimewaona, wako huku Buswelu."

Mwanangu Shija, nilibaki katibu, ila kanuni ile niliing'oa, na safari hii kila mtu akapata akaunti yake. Sasa marekebisho yakigongana programu haichagui. Inaweka yote mawili mezani, na jina la aliyeandika kila moja, inangoja watu wakae waongee. Wananilalamikia kwamba inachelewesha. Nawaacha walalamike.

Nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kushuku, mimi mwenyewe sijaacha, na hata sasa nikiandika haya nimeshahakikisha mara kadhaa kama yamehifadhiwa. Lakini ushuku vitu kabla ya watu. Kioo kikikuambia kimehifadhi, kiulize kimehifadhi wapi, na nani atakuja baadaye kukifuta. Kitu kinachofanya kazi bila mtandao kina fadhila kubwa huku kwetu, ila kila anayekishika gizani anajiona yuko peke yake na ndiye mwenye haki. Usikubali watu wengi wajifiche nyuma ya jina moja, hata kura zikikushinda, rudia kuomba. Na mambo ambayo mtu anapaswa kuambiwa kwa mdomo, usiyaachie mashine iyapeleke. Mficha uchi hazai. Mkiamua "aambiwe", msiinuke kwenye kikao mpaka lijulikane jina la atakayekwenda, na kama hakuna anayetaka, nenda wewe.

Mungu akupe kazi inayowafaa watu usiowajua, na ulimi usiowakimbia wakubwa. Akujalie marafiki wa kukuambia usoni siku utakapokosea, na usingizi mzuri kuliko wangu. Nakubariki, mimi shangazi yako.